Bolti ya Kulia

Dukani kwa Vadgama, Barabara ya Saba,
bunduki tatu zimelazwa juu ya kitambaa cha kijani
kama wagonjwa wanaomngoja daktari mmoja.
Daktari ni mimi. Viatu vina vumbi la Itigi,
mfukoni kibali cha polisi, leseni ya mwindaji bingwa,
na begani miaka kumi na tisa
ya kubeba bunduki za watu.

Ya kwanza nyembamba, nyeusi, kitako cha plastiki,
darubini ndefu kama mkono wa mtoto.
“Hii,” asema Vadgama, “mita mia nane, unamtoboa pofu sikio.”
Huyo pofu amesimama wapi?
Namjua pofu wa Rungwa.
Saa nne asubuhi mbuga yote inachemka,
mazigazi yanamnyanyua, yanamtua, yanamnyanyua tena,
na upepo wa Septemba hauwi mmoja:
hapa unanilamba shavu,
kule kwake unalaza nyasi upande wa pili.
Risasi inapita katikati ya pepo mbili
kama mtoto wa wazazi walioachana,
haijui ilale kwa nani.
Mita mia mbili na hamsini, nimeegemea mti, pumzi imetua:
hapo ndipo mwisho wangu.
Zaidi ya hapo ni dua,
na dua haishindiliwi kwenye ganda la shaba.

Ya pili ni ya kumsimamisha tembo.
Nimeiinua, bega likaikumbuka:
mgeni mmoja aliibeba yenzake dakika arobaini,
nikaibeba mimi siku kumi na nne.
Nimeirudisha polepole, kwa heshima.

Ya tatu, mia tatu sabini na tano, ina umri kunizidi.
Mti wa kitako una kovu, rangi ya mtutu imefifia.
Navuta bolti: kra-ka.
Ndani kuna ukucha mrefu wa chuma
unaoidaka risasi ikitoka tu ghalani,
hauiachii mpaka chumbani,
hata ukiwa chali,
hata ukiwa unaanguka.

Ndahani alikuwa chali.
Bunduki aliyopewa ilikwama,
risasi mbili zikigombea mlango mmoja,
na nyati akatoka kichakani
na risasi ya jana tumboni,
risasi ya mbali, ya majisifu,
ambayo mwenyewe aliipigia makofi
kisha akabaki kwenye gari.
Sisi ndio tuliofuata damu.

“Hii,” nikasema.

Vadgama akanitazama nilivyoishika.
“Wewe wa mashoto. Hii bolti ya kulia.
Ya kushoto naagiza: miezi minane, bei karibu mara mbili.”

Bolti ya kulia.
Bibi, kule Mpwayungu, alinichapa kwa mwiko
nilipomega ugali wa uwele kwa mkono huu:
“Mkono wa kulia ndio wa kulia!”
Na mimi, mwenye miaka minne na kamasi,
nilidhani anasema wa kulia machozi,
nikaupeleka machoni,
akacheka mpaka mlenda ukapoa.

Basi. Kitako bega la kushoto,
jicho la kushoto, kidole cha kushoto.
Mkono wa kulia unauacha mti wa mbele,
unapanda, unavuta, unasukuma, unarudi.
Chumba kitupu, mtutu unatazama ukuta.
Vadgama anahesabu kwa saa yake.
Mara ya kwanza, sekunde nne.
Mara ya kumi, mbili na ushee.
Katika mbili na ushee nyati hula mita thelathini.
Nimerudia. Wateja wawili wa ndoana na kamba
wakasimama mlangoni, hawakuingia.

“Darubini?”
Nipe ile fupi. Na mkanda wa ngozi, usiong’aa.

Nimelipa nusu. Nyingine baada ya alizeti,
na bunduki itaningoja kabatini mwake.
Akafungua daftari, akalamba ncha ya kalamu,
akaandika Mbijima Chidawali
taratibu, kwa mkono wake wa kushoto,
akiifuta wino kwa kiganja kila neno.
Nikaona. Akaona nimeona.
Akanikatia risiti.