Mwenye Nyumba Hapigi Hodi

Namvika mzee Oiva Kettunen kofia ya nyaya sitini na nne,
natia jeli chini ya kila kidoto, tone kwa tone,
naye anafinya jicho: "Kumbe hata humu ndani ni Februari."
Nje, Jyväskylä imezama kwenye theluji,
basi linapita kama limevaa soksi.
Humu kuta zimevikwa sponji. Hata kikohozi
kinatoka mdomoni na hakirudi.

Awamu ya kwanza ni nyepesi:
bonyeza kitufe wakati wowote upendao, utasikia mlio.
Anabonyeza. Ti.
Anangoja, anabonyeza. Ti.
Mara mia mbili, kwa subira ya mtu
aliyemaliza miaka thelathini kwenye kiwanda cha karatasi.
Awamu ya pili: mikono mapajani, usiguse kitu;
mashine itakurudishia milio ile ile,
kwa kimo kile kile, kwa kusitasita kule kule kwako.
Ti.

Ti.

Nyuma ya kioo nayatazama mawimbi.
Sehemu ya kumi ya sekunde baada ya mlio
mstari unadidimia: ubongo umesikia.
Mlio wa mashine unachimba bonde.
Mlio wake mwenyewe, kijifereji tu,
kama alama ya ukucha kwenye siagi.

Anataka kujua sababu. Namwambia nijuavyo:
kidole hakijashuka bado, na tayari kichwani
nakala ya amri imekimbizwa kwenye chumba cha kusikia:
msishtuke, ni sisi.
Mwenye nyumba hapigi hodi;
mbwa ananyanyua sikio moja, analilaza.
Ndiyo maana mkoromaji hubisha hadi kesho,
na mtafunaji wa karoti huuliza mnaniangaliani.
Nyani haoni kundule. Sikio nalo lina kundu lake.

"Kwa hiyo," anasema polepole, "mtu akibaki peke yake,
kila sauti ndani ya nyumba ni yake."
Sijawahi kuliwaza hivyo.

Halafu, bila kuombwa, anamtaja Hilkka.
"Alikuwa akikoroga kahawa, anagonga ukingo wa kikombe kwa kijiko,
mara tatu, ngi ngi ngi, miaka arobaini na mmoja,
nami nyuma ya gazeti nasaga meno.
Tangu Oktoba nakoroga mimi.
Kikombe kile kile. Kijiko kile kile. Nagonga mara tatu.
Hakilii.
Nikaenda kupimwa masikio. Wakasema mazima kwa umri wangu,
wakanipa kijitabu kuhusu majonzi."

Nimefunzwa nisitoke nje ya utaratibu.
Nasema: tulia, zimebaki dakika mbili.
Kikombe changu kipo mezani, kahawa imepoa,
kipaza sauti kimewaka taa yake nyekundu.
Simpi taarifa. Nakoroga, nagonga ukingoni,
moja, mbili,
tatu.

Bonde.
Bonde.
La tatu silisomi: mistari yote ya paji la uso
inalipuka kwa pamoja, milima juu ya milima,
kama inavyokuwa macho yakipepesa sana,
au yakilowa.

Daftarini naandika: vipande vitatu vya mwisho, vitupwe;
mshiriki alipepesa.
Namwosha jeli kwa maji ya vuguvugu, sisemi kitu,
naye hasemi, ila anauliza
kama wiki ijayo bado tutahitaji watu.
Anavaa kofia ya sufu juu ya nywele zenye majimaji.
Anaondoka. Korido ni ndefu, na kiatu cha kushoto
kina kisigino kilicholegea, sidhani kama anajua.
Nakisikia mimi, hatua kwa hatua,
hadi mlango wa nje.