Kiberiti cha Nyimbo

Nilikinunua Likoni, pale watu wanaposubiri feri,
kwa shilingi mia sita na maneno mengi.
Kidogo kama kiberiti, nyimbo mia mbili tumboni.
Waya wa kushoto ulikuja umekufa,
nauvaa kuziba sikio tu,
hivyo sauti ya mwimbaji naipata
na fidla yake siijui mpaka leo.

Sisemi hakikunifaa.
Kupiga pasi ya makaa tangu alfajiri, kanzu kwa kanzu,
hapa Majengo, jasho likitishia kola za watu:
kabla yake mchana ulikuwa mrefu kama deni.

Lakini muuza maji alipita na mkokoteni mara mbili
nisimsikie, tukalala na ndoo kavu.
Na kanzu ya bwana harusi, Mbwarali,
niliichoma mgongoni, umbo la pasi kamili,
nikitikisa kichwa.

Juzi kidole kiliteleza kwenye kitufe cha kurekodi.
Kumbe huimba na kusikiliza kwa wakati mmoja,
jambo lililonishinda mimi.
Jana usiku nikakifungulia: makaa yanapasuka,
jogoo wa Bi Zamzam asiyejua saa,
madumu yanagongana njiani,
kisha mama, kutoka uani:
Mselem. Mselem we. Ewe Mselem!
Na baada ya kila mwito, pasi tu,
shii, juu ya kitambaa.

Nikang'oa waya.
"Labeka," nikasema gizani,
nimechelewa siku nzima.

Nyuma ya ukuta mama akauliza,
"Nani kakuita?"