Mizani Haina Mjomba

Kazi yangu hapa Khasab ni kupima watu.
Si tabia, si dini: kilo.
Na buti zao, na begi, na kofia ngumu,
na kichupa cha achari ya ndimu
mama yake Biju alichotuma kutoka Kerala,
robo tatu, kifuniko kimefungwa kwa uzi.

Bibi yangu alipima karafuu Wete
kabla hajahamia huku na Kiswahili chake kizima.
Mizani haina mjomba, alikuwa akisema.
Kazi nimeirithi. Shehena ndiyo iliyobadilika.

Mwezi wa saba, majabali yakishapata moto,
hewa hulegea; pangaboi hukata, hukata,
lisipate cha kushika.
Siku ile ilikuwa digrii arobaini na sita.
Rubani akaniletea hesabu mpya:
kumi, si kumi na mmoja.

Wa mwisho kufika alikuwa Shambe, Mbaluchi, mchomeleaji.
Tisini na moja.
Nikamwambia shuka, utakwenda kesho.
Alinitukana kwa lugha nne,
ya nne Kiswahili, nami ndiye niliyemfundisha.

Saa nne na dakika ishirini
redio ikanyamaza.

Walipokuja wachunguzi niliwapa makaratasi.
Jumla yangu ilikuwa sahihi. Waliikagua mara tatu.
Kilichoiangusha kilikuwa ndani ya giaboksi,
chembe za chuma zilizonasa kwenye sumaku,
nyepesi kuliko ukope.
Wiki moja nyuma fundi aliziona.
Akazifuta kwa kitambaa, akaandika: kawaida.
Ratiba ilikuwa inabana,
na watu mtamboni walikuwa siku ya thelathini na tano
wakingoja wenzao wawapokee.

Mizani yangu huanzia nusu kilo.

Mke wa Biju alipiga simu.
Hakuuliza bahari, hakuuliza fidia.
Aliuliza: alikuwa amekonda?
Nikafungua daftari.
Sabini na mbili na nusu, nikamwambia,
pamoja na achari.
Nikamsikia akitoa, kimyakimya,
buti, begi, kofia, kichupa,
hadi akabaki na mumewe.

Shambe amerudi kazini.
Bwawani wamempindua tena kichwa chini,
amejifunza upya kuhesabu hadi saba
kabla ya kugusa mkanda, kabla ya kusukuma dirisha.
Kila Alhamisi hupanda mizani yangu wa kwanza.
Themanini na nne. Themanini na mbili.
Hatukani. Anaisoma namba
kama mtu anayesoma jina la mwingine.

Leo sijatia sahihi.
Nimemwambia fundi aniletee sumaku niione.
Si kazi yako, kasema msimamizi, na kweli si yangu.
Helikopta iko juani, milango wazi.
Abiria kumi wamekaa na majaketi ya uokozi shingoni,
wananitazama, wanatazama saa.
Kalamu nimeichomeka ndani ya ushungi.