Kangaga la Dirisha la Tikiti

Babu hakuwahi kuamini ratiba ya treni.
Aliamini msambu: ukianza kudondosha matunda,
mvua ina siku tisa.
Karani wa tikiti pale Tanga, Taherali,
alikuwa amepanda kangaga kwenye kopo la samli
mahali pa kuwekea muhuri.

"Hili si la pwani," babu akamwambia.
"Nalo linajua. Limenuna tangu Jumatatu."

Ndivyo ilivyoanza. Hawakuulizana dini wala mshahara.
Walibishania vumbi la kahawia chini ya jani:
Taherali alisema ni mbegu;
babu, aliyeiona kutu ikimaliza kahawa ya mjomba,
alisema ni maradhi.
Treni ya Muheza ikaondoka, babu bado yuko dirishani,
foleni nyuma yake ikitukana.

Miaka kumi na mmoja behewa la vifurushi
lilibeba chumvi, vipuri vya mashine za katani,
na jani moja ndani ya gazeti la juzi.
Kutoka mlimani: *Hili kwetu ni tughutu. Kwenu?*
Kutoka Tanga: *Kwetu halipo. Mke wangu amelinusa,
kapiga chafya saba. Liandike hivyo.*

Kule Amani, chumba cha majani makavu,
babu alikuwa wa kubana na kubandika.
Lebo walijaza wakubwa, kwa wino.
Aliyechuma: wao.
Taherali alizisoma siku alipopanda kwa likizo,
koti la stesheni limemlowa hadi kwapani.
Hakusema neno. Aliomba penseli.

Nimeyaona makaratasi hayo. Pembeni, herufi ndogo
za mtu aliyezoea kuandika nauli:
*Shekiondo alifika kwanza.*
Arobaini na tatu. Ya arobaini na nne ina *She* tu.
Ncha ilivunjika, au mlinzi aliingia;
babu kila mwaka alikuwa na sababu mpya.

Kifurushi cha mwisho kilikaa Muheza masika mazima,
babu akiwa kitandani na homa.
Alipokifungua, wadudu walikuwa wamekula jani.
Lilibaki doa lenye umbo lake, juu ya bei za katani,
na vumbi.
Habari za msiba alikuwa ameshazipata.

Akalikung'utia vumbi kwenye kopo, udongo wa mtoni,
akalifunika kwa kioo cha taa. Miezi minne.
Ikatokea kijani, nyembamba kama ukungu wa mkate,
kisha kidole kimoja kilichojikunja.

"Mbegu," alisema babu,
kwa sauti ya mtu anayelipa deni
dirisha likiwa limeshafungwa.