Ngoma Isiyokesha

Kwanza nilihesabu zilizopo.
Bangwe wanacheza mwezi ukijaa.
Katonga usiku unaofuata, kwa makubaliano ya zamani
yaliyopatikana baada ya mtu kung'olewa meno.
Ujiji wana Jumamosi zao,
na Gungu kuna wale vijana wa spika kubwa
ambao hawahesabu mwezi, wanahesabu uniti za luku.

Sisi Kibirizi tulikuwa watu wa kwenda.
Tunavaa, tunapanda bodaboda watatu watatu,
tunacheza kwa wenyewe,
tunarudi viatu mkononi.

Nikasema: na sisi tuwe na yetu.
Mume wangu alikuwa anashona wavu, akakohoa.
"Mwezi una usiku thelathini," nikamwambia.
"Na wapiga ngoma wawili," akajibu.

Ni kweli. Ni Butoyi na mdogo wake,
na Butoyi ana bega bovu tangu lile gunia la saruji.

Basi nikaenda Bangwe kwa miguu
na migebuka miwili niliyoifunga gazetini.
Bi Sikudhani aliipokea, hakuitazama.
Akanipa kigoda; yeye kiti cha mgongo.
"Umekuja kuninyang'anya wachezaji?"

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima.
Yakanitoka yote, dagaa kwenye wavu wa sangara.

Nikasema tu: "Mama, ukicheza wewe waume wapo.
Mwezi umewafukuza ziwani, wamekaa wanachokonoa meno.
Mimi naomba zile siku za giza,
taa zao zikiwa zimejipanga majini kama mji wa pili,
na sisi huku tumebaki na watoto na redio."

"Siku za giza mnaamka saa kumi kupokea dagaa."

"Tutamaliza saa nne."

"Ngoma ya kitoto haikeshi," akasema,
na mabinti zake wakacheka huko uani.

"Haikeshi," nikasema. "Wala haiombi kukesha.
Ina kazi asubuhi."

Hapo ndipo akaitazama migebuka.

Masharti yake:
Butoyi asipige mara mbili kwa wiki moja.
Wimbo wa Bangwe ukiimbwa, utajwe kuwa ni wa Bangwe.
Na siku ya kwanza atakuja mwenyewe
aone tunavyoharibu.

Tulisogeza chanja, tukamwaga maji,
harufu ikabaki palepale, tukaizoea.
Walikuja kumi na mmoja,
na wawili kati yao walikuwa wanatafuta mbuzi.
Zamda alikuja na mtoto mgongoni
na hakumshusha, akasema huyu ndiye atanifundisha kuyumba.
Mwinjuma wa duka alitoa taa na kamba ya umeme,
kisha akasimama mlangoni kuilinda kamba yake.
Katonga walimtuma kijana kutuhesabu.
Alifika ishirini,
akajihesabu na yeye.

Butoyi alipiga kwa mkono mmoja.
Mdogo wake alijaza pale bega lilipokataa,
na mle kati mkabaki kipengele, kama pengo la jino,
ambacho miguu yetu iliruka, ikakipenda.
Bangwe hawana kile.
Hata sisi hatukukipanga.

Bi Sikudhani alikaa wimbo wa kwanza, akakaa wa pili.
Wa tatu ulikuwa wake, nikautaja kwa sauti,
nikamtaja na yeye, na mtaa wake, na hata kile kiti cha mgongo.
Akavua kandambili akaziweka pamoja, zikitazama nje,
kama mtu anayeweka nafasi ya kuondoka.
Kisha akasahau kuondoka.

Saa nne tukazima taa.
Wa mwisho alikuwa yeye, miguu mitupu gizani,
akipapasa na kutukana kandambili zake.

Alfajiri mtumbwi ukagusa mchanga.
Nilikuwa nimeshika beseni, macho mazito, magoti yananidai.
Mume wangu hakunisalimu kwanza.
Alinikabidhi kamba, akatazama pembeni, akasema:

"Ule wa tatu mliuanza haraka mno."