Jeneza la Sehemu ya Kumi na Mbili

Mapenzi yao msiniulize,
sina utaalamu huo.
Mimi ni seremala wa Ng'ambo, Tabora,
miaka ishirini na sita napiga randa mninga,
na ninachokijua ni uzito.

Basi nisikilizeni kuhusu tamthilia hii
inayofungisha maduka ya Isevya saa tatu usiku:
jeneza la sehemu ya kumi na mbili
lilikuwa tupu.

Halikuhitaji kufunguliwa. Niliona mabega.
Vijana wanne wamelibeba kama sinia la maandazi,
mmoja anajipangusa jasho lisilokuwepo,
hakuna aliyekunja goti,
hakuna aliyesema "taratibu, shusha upande wako",
na lilipofika shimoni likatua kimya.
Mninga hautui hivyo. Mninga husema.

Na mjane je! Kope zimesimama kama fagio jipya,
chozi linapita shavuni kwa adabu
lisije likaharibu poda.
Msiba mzima hauna sufuria hata moja yenye masizi,
hakuna wanaogombana juu ya mchele,
wala mjomba aliyecheleweshwa na treni ya Mpanda
akaingia analia kuwashinda wafiwa.
Kinanda ndicho kilichoachiwa kazi ya watu.

Haya niliyasema kwa sauti, mbele ya runinga.
Lubango, fundi wangu mdogo, alicheka mpaka akakohoa.
Nikanogewa.
"Lile ni boksi," nikasema, "mbao za dari,
misumari ya inchi moja, na rangi ya kupuliza.
Hata kuku hazikwi mle."

Ndipo nikamwona Nyanzala.
Mke wangu ameziba mdomo kwa upindo wa kitenge,
machozi yanamtoka bila adabu yoyote.

La kwetu nililitengeneza mwenyewe.
Futi mbili na inchi nne.
Nilikosea kipimo cha mfuniko, nikarudia,
nikakosea tena, mimi niliyekwisha pima mamia.
Sikutaka wabebaji. Nilikwenda nalo kwapani
hadi makaburini, njia ikiwa tope tupu,
na lilikuwa jepesi.
Jepesi kuliko lile la kwenye runinga.

Hapo ndipo hukumu yangu ilipopata ufa,
na ufa wa mbao unaujua:
ukiuziba kwa gundi na vumbi la msumeno
mteja haoni, wewe unaona.

Bado nasema tamthilia ni mbovu.
Mwongozaji na aje karakanani,
nitamkopesha magunia mawili ya mchanga,
ajaze lile boksi lake, vijana wakunje magoti.
Na yule mjane wamnyime kioo siku tatu.

Lakini kesho saa tatu, umeme ukiwepo,
tutakaa palepale, mkeka uleule.
Nyanzala amekwisha niambia:
nije, ila nifumbe mdomo.