Mbawa za Mabua

Ndahani, weka simu chini kidogo.
Mkeka wako umechanika tangu jana usiku,
timu moja imekuangusha, kesho itakuangusha nyingine.
Mimi fundi simu wa Majengo nakujua kwa vioo ulivyovunja:
vidole vyako vina papara, lakini vina akili.
Nipe Jumamosi moja.
Moja tu.

Twende Mkonze, mavuno yamekwisha,
mbali na njia ya ndege kubwa zinaposhuka mjini.
Shamba la uwele limebaki mabua matupu,
na upepo wa Julai, huu unaotupasua midomo,
unaotia mchanga kwenye ugali na kwenye shuka,
kule utaukuta una kazi nyingine.

Usiniulize bei.
Nina sponji nyeupe ya boksi la friji,
wembe, gundi, raba za kufungia noti,
mota ya kichezeo kilichokufa,
na betri ya simu yako ya zamani,
ile uliyoniachia ukasema nitupe.

Sechelela naye alianza kwa kununa.
Ndege yake ya kwanza ilipanda kidogo,
ikasimama hewani kama mtu aliyesahau alichotumwa,
kisha ikachoma pua ardhini, puu!
Hakulia. Aliiokota, akaikalisha juu ya ncha za vidole viwili,
akaona mkia unazama,
akachomeka nati ya baiskeli puani.
Ni fizikia hiyo, ile ile iliyompa kumi na nane kwa mia.

Ya pili ikapita juu ya mizabibu ya watu,
ikavuka ua wa minyaa, ikapotea.
Tulitafuta mpaka vivuli vyetu vikawa virefu kuliko shamba.
Ndipo akaja kijana mchunga mbuzi, Chibago,
ameikumbatia kama mtoto wa mbuzi aliyezaliwa njiani,
akauliza bila kucheka:
"Hiki kinakula nini?"

"Upepo," alisema Sechelela.
Akafikiri. "Na makosa."

Jumamosi iliyofuata Chibago alikuja na yake.
Haina mota, haina rimoti.
Mabua ya uwele, nailoni ya mfuko wa mbolea,
viungo amevishika kwa utomvu wa mgunga.
Aliirusha kama anavyorusha jiwe kumrudisha mbuzi mkaidi,
nayo ikakataa kushuka.
Tukahesabu kwa sauti, sote, hata mbuzi walinyamaza:
sekunde arobaini na moja.
Yangu, pamoja na betri yake na majivuno yangu,
haijafika thelathini.

Sikuahidi urubani, Ndahani.
Mmoja ataishia kufunga sola, mwingine kuezeka mabati,
na mmoja, nani ajuaye,
atakaa mbele kabisa ya ile ndege kubwa
akichungulia Mkonze kama kiraka cha kanga.
Ninachokuahidi ni kwamba itaanguka.
Utaifuata kwa miguu, utaigeuza, utauliza kwa nini.
Mkeka haujawahi kukuuliza chochote
ila hela.

Njoo na maji, na kofia,
na dada yako, yule anayefungua redio za watu
akazifunga zikabaki skrubu mbili.
Mama akiuliza mnakwenda wapi asubuhi yote hiyo,
mwambie kuna kitu tunakwenda kukilisha.